Ukitaka Kwenda Ziwani, Anza na Upepo

Wageni wanaofika Mwanza kwa harusi, msiba au kikao cha kazi, wakibakiwa na siku moja mkononi huomba jambo moja: wapelekwe ziwani. Mwenyeji huitikia upesi, kisha ratiba hupangwa kana kwamba ni mizunguko ya mjini. Asubuhi supu. Baadaye Kirumba Mwaloni kununua dagaa na sangara wa kusafiri nao. Halafu chakula cha mchana, na ziwa linaachwa la mwisho ili watu wapige picha jua likizama. Ratiba hiyo iko kichwa chini miguu juu. Ziwa Victoria lina saa zake, na saa zake njema ni za asubuhi. Anayetaka siku salama na yenye raha aanze na maji, amalizie nchi kavu.

Sababu ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo hewa hutoka huku kwetu kuelekea ziwani. Jua likipanda, ardhi hupata moto haraka, hewa juu yake hupaa, na upepo hugeuka: sasa unatoka ziwani kuja nchi kavu. Katikati ya mageuzi hayo kuna kipindi cha utulivu ambacho kila mvuvi anakijua. Kuanzia mchana upepo wa ziwani huongezeka, na kufikia saa 8 au saa 9 mawimbi huanza kutoa povu jeupe. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800. Upepo unaopata uwanja mpana kiasi hicho hujenga mawimbi ambayo mtu aliyezoea mito au bwawa la kuogelea hayategemei kabisa. Ghuba ya Mwanza ina sehemu zilizojikinga nyuma ya miamba na rasi, lakini ukitoka mdomoni tu, hali ni nyingine.

Miezi nayo ina neno lake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, dhoruba nyingi huzaliwa juu ya maji yenyewe usiku wa manane, na baadhi hazijaisha alfajiri inapoingia. Katika miezi hiyo kanuni ya asubuhi haitoshi peke yake. Tazama anga upande wa kaskazini na magharibi, soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na muhimu zaidi, uwe tayari kuahirisha. Juni hadi Septemba ni kiangazi, anga safi, lakini upepo wake ni mkavu na hauna subira, kwa hiyo saa za asubuhi huwa na thamani kubwa zaidi. Januari na Februari, katikati ya misimu miwili ya mvua, huwa na siku nzuri nyingi. Ukisikia ngurumo ukiwa majini, hata kama wingu liko mbali, geuza chombo. Eneo la Ziwa Victoria hupigwa na radi mno, na juu ya maji wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Wako watakaouliza mbona Ulaya watu hushinda siku nzima kwenye mitumbwi na watoto wao. Ni kweli, na inafaa kuelewa kwa nini. Katika mto Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa, familia hukodi mtumbwi pale Vitrac, hushuka taratibu kupita chini ya majabali ya La Roque-Gageac, hutazama ngome za Castelnaud na Beynac, na mwisho wa safari gari la mwenye mitumbwi huwachukua na kuwarudisha walikoanzia. Mto unafanya nusu ya kazi. Maji yanaelekea upande mmoja, kingo mbili ziko karibu, na hakuna kurudi kwa makasia. Ziwa halikubebi. Ulikokwenda ndiko utakakorudi kutoka, kwa mikono yako, na mara nyingi upepo wa kurudi una nguvu kuliko ule wa kwenda. Kwa hiyo, ukipiga makasia ziwani, anza kwa kuelekea upepo unakotoka. Mikono ikiwa bado na nguvu ufanye kazi ngumu, ili ukichoka upepo ukusukume nyumbani. Watu wengi hufanya kinyume: hushangilia jinsi mtumbwi unavyoteleza wakitoka, kisha hugundua wakigeuza kwamba nusu saa ya kwenda imekuwa saa moja na nusu ya kurudi.

Sasa chombo. Hapa ndipo nataka msomaji awe mgumu, hata aonekane msumbufu. Usikubali kupanda kwa sababu kijana fulani amekuja mbio na bei nafuu. Kila mwalo una watu wake wanaojulikana, na mingi ina kikundi cha BMU kinachosimamia uvuvi na kuwafahamu manahodha kwa majina. Waulize hao. Uliza pia kama chombo kimesajiliwa na kukaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi. Nahodha mzuri haoni vibaya kuulizwa. Hujibu, tena hukuonyesha. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Kisha tazama kwa macho yako. Je, chini ya mtumbwi kuna maji yaliyotuama, na kuna kopo la kuyatolea? Injini ikizimika, yapo makasia ya akiba? Mafuta yanatosha kwenda na kurudi, au mnategemea kuomba kwa wavuvi njiani? Mkishakaa wote, ubavu wa chombo ubaki juu ya maji si chini ya shubiri mbili. Ukipungua hapo, mtu mmoja ashuke, au wawili. Patana bei na saa ya kurudi kabla hamjaondoka, lipa nusu mwanzoni na nusu mkirudi, na mwachie mtu wa nchi kavu maelezo: mnaenda wapi, mko wangapi, nahodha ni nani, mtarudi saa ngapi. Simu hushika katika sehemu kubwa ya ghuba. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya polisi ni 112. Ziandike, na simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Jaketi okozi ni suala la kila mtu, si la watoto na wanawake tu kama wanaume wengine wanavyojifanya. Livaliwe nchi kavu, kabla mguu haujagusa chombo, na lifungwe mikanda yote. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halijamwokoa mtu. Kwa mtoto kuna kipimo rahisi: mvalishe, mfunge, kisha mwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwake, na majini litamponyoka. Likikosekana la saizi yake, mtoto huyo asiende majini siku hiyo. Najua maneno haya ni magumu kwa mzazi aliyekwisha kumwahidi mwanawe, lakini hakuna namna nyingine ya kuyasema.

Mwanza haihitaji kufundishwa habari hizi kutoka mbali. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kumaliza safari yake kutoka Bukoba, ikaondoka na mamia ya watu, na makaburi ya waliopotea yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 200. Chombo kikizidiwa hakihitaji dhoruba ili kipinduke, wala hakihitaji kuwa katikati ya ziwa. Ndiyo maana nasisitiza tabia moja ndogo: watu wasisimame kwa pamoja chombo kinapokaribia ufuko. Kaeni mpaka kamba ifungwe, kisha mshuke mmoja mmoja. Na mtumbwi ukipinduka, ushikilie. Wa mbao huelea hata ukijaa maji, na maji ya ziwa letu si ya baridi ya kuua kama ya Ulaya, kwa hiyo mtu aliyeshikilia chombo anaweza kungoja msaada kwa muda mrefu. Wengi wanaopotea ni wale wanaouacha mtumbwi wakidhani ufuko uko karibu.

Baada ya hayo yote, twende wapi? Kwa siku moja, na hasa kama mna watoto au wazee, jibu langu ni Saanane. Boti huondoka kwenye ofisi ya hifadhi pale Capri Point, na safari haizidi robo saa hivi. Kisiwa kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla ya serikali kuanzisha bustani ya wanyama ya kwanza nchini mwaka 1964. Kikawa pori la akiba mwaka 1991, na Julai 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ukijumlisha visiwa vyake vidogo na maji yanayovizunguka, hifadhi nzima ina kilomita za mraba 2.18 tu, na iko mbele ya mji kabisa. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu au kadi, kwa hiyo usitegemee noti mfukoni.

Usiende Saanane ukitegemea Serengeti. Utaona swala pala, tumbili, pimbi waliojilaza juu ya mawe, kenge, na mijusi wenye vichwa vyekundu wanaoota jua. Ukibahatika na ukinyamaza, fisi maji. Ndege ni wengi: mnandi wanaokausha mabawa, na furukombe ambaye sauti yake utaisikia kabla hujamwona. Lakini uzuri mkubwa wa kisiwa ni miamba. Mawe haya ya matale, yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga, ni sehemu ya miamba ya kale kabisa ya bara letu, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Panda juu taratibu, na viatu vyenye soli inayoshika. Ukifika utauona mji wote: hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, nyumba zilizojibana katikati ya mawe, Jiwe la Bismarck likiwa dogo pale karibu na kivuko cha Kamanga. Mkazi wa Mabatini au Igogo anayeutazama mji wake kutoka huko kwa mara ya kwanza huanza kuonyesha kwa kidole, na mazungumzo hayaishi. Wapeni watoto muda huo. Muwe mmerudi Capri Point kufikia saa 6 mchana.

Wanaotaka hasa kushika kasia wenyewe, nashauri wasijaribu kuvuka kwenda popote. Tafuteni ghuba ndogo iliyojikinga, kama zilizopo upande wa Malimbe na Luchelele, pigeni makasia sambamba na ufuko, umbali ambao mtu aliyesimama pwani anawasikia mkiita. Saa moja na nusu inatosha. Kwenye mtumbwi mwembamba kaeni chini na magoti yawe wazi kidogo ili mwili utulie, na anayekaa nyuma ndiye anayeongoza. Waliozoea watapenda kujua kwamba Henry Morton Stanley alianzia safari yake ya kulizunguka ziwa hili kijiji cha Kageye, upande wa Magu, tarehe 8 Machi 1875, akiwa na mashua yake Lady Alice na wapiga makasia kutoka Zanzibar na pwani. Ilimchukua karibu miezi miwili. Kageye bado ipo, na kwa mpenda historia ni safari ya siku nyingine.

Ufuko wa kuondokea uchagueni kwa makini. Uwe wa mchanga au mawe, ulio wazi. Epukeni matete na mafunjo, hasa alfajiri na jioni, kwa sababu kiboko hula nchi kavu usiku na hurudi majini kunapopambazuka, na hakuna kosa baya kuliko kukaa katikati yake na maji. Mamba naye hupenda kingo hizo hizo. Habari za watu kushambuliwa katika vijiji vya Sengerema na Buchosa si hadithi, na wenyeji wa kila mwalo wanajua mahali gani hapaogwi. Kwetu jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi. Ngojeni limulike maji vizuri ndipo muingie. Saa 2 ni wakati mzuri. Magugu maji nayo yatazameni: upepo huweza kuyasukuma na kuziba mwalo ndani ya saa chache, na injini ikiyameza husimama.

Adui mdogo kuliko wote ndiye anayewapata wengi. Kichocho kiko katika ufuko wa Ziwa Victoria, hasa kile cha tumbo, na hupitia kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Vijidudu hutoka kwa konokono mchana, na wingi wao hupanda jua linapokuwa kali. Hii ni sababu nyingine ya kupenda asubuhi, ingawa asubuhi si kinga kamili. Huingia kupitia ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Pandeni chombo kutoka gatini au juu ya jiwe pale inapowezekana, msitembee kwenye maji yenye majani, na aliyelowa ajifute vizuri kwa taulo kavu mara moja. Kujifuta hupunguza hatari, hakuiondoi.

Chakula sitakisemea sana, kwa sababu Mwanza hakuna atakayelala njaa. Majini bebeni maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na vitu vyepesi visivyoharibika. Michembe na matobolwa vimewavusha wavuvi na wakulima wa Usukumani tangu zamani, na havihitaji jokofu. Kifungua kinywa kiwe uji, si supu yenye mafuta mengi, la sivyo watoto watatapika mawimbi ya kwanza. Mkirudi, ndipo mle sato na ugali mkiwa mmetulia.

Mchana, upepo ukiwa umechachamaa ziwani, nyinyi mko barabara ya Musoma kuelekea Kisesa. Huko ndiko Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika miaka ya 1950 na kuipenda ngoma ya Kisukuma kuliko wengi wetu tulioikuta nyumbani. Kutoka mjini ni chini ya kilomita 20, daladala zipo, na kutoka Kisesa mtu huchukua bodaboda. Kanisa lake limejengwa kwa umbo la nyumba ya duara ya Kisukuma. Ndani ya makumbusho kuna ngoma na viti vya watemi, zana za waganga, na vitu vya vyama vya Bagika na Bagalu ambavyo ushindani wao katika ngoma hauna mwisho. Mkitanguliza salamu ya "mwadila", mwongozaji atawafungulia mengi ambayo hayakuandikwa ukutani. Mkija Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, mtakuta Bulabo, na siku hiyo achaneni na ziwa kabisa. Ngoma peke yake inatosha.

Kinachoharibu safari nyingi ni tamaa ya kuongeza. Mtu anasema, twende na Ukerewe basi. Meli ya kwenda Nansio huchukua saa zisizopungua tatu kwenda tu. Kisiwa alichoandikia Aniceti Kitereza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka hakifai kupitwa mbio mbio ili kuwahi meli ya kurudi. Nendeni mkalale. Rubondo nayo, yenye sokwe na nzohe wake, ni ya siku mbili au tatu. Na kama katika msafara yumo bibi au babu ambaye hataki kabisa kusikia habari ya mtumbwi, msimlazimishe. Mpelekeni Kigongo, mpite Usagara, akatembee kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni kilomita 3 juu ya maji yale yale, na hakuna jaketi la kuvaa.

Siku ikiisha salama, andikeni tarehe. Wiki sita hadi nane baadaye kila aliyelowa maji ya ziwa apelekwe kituo cha afya kupimwa choo, hata kama hana dalili yoyote. Kichocho kinatibika kwa dawa ya praziquantel, na hospitali na vituo vya afya vya Mwanza vimeizoea kazi hiyo. Wageni waliorudi Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya wapigieni simu muwakumbushe, kwa maana daktari wa huko hatawaza kichocho asipoambiwa kwamba mgonjwa alikuwa Mwanza.